Wangoja Maji wa Zuzu

Dodoma, 4 Juni 1912

Dada yangu Yudith,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kazi ya ukarani hapa bomani inaendelea, na vumbi la Dodoma ni lilelile. Barua hii nampa Msafiri, yule wa genge la reli ambaye hupita Zuzu na kigari chao kila juma. Ni mtu wa kuaminika, ila usimpe maneno ya mdomo. Andika.

Siku hizi nimekumbuka sana nyumbani. Zaidi nimemkumbuka shemeji Matonya. Nasikia amepata nafuu, nami nimefurahi. Nasikia pia kwamba asubuhi huenda kukaa korongoni, na kwamba hakai peke yake. Ni kweli? Ni akina nani wanaokaa naye? Wakikaa huzungumza nini? Niandikie kwa kirefu, na kwa majina, ili niwe kama niko pamoja nanyi.

Usimsomee mtu barua hii.

Mdogo wako,
Bartolomayo


Zuzu, 12 Juni 1912

Bartolomayo,

Marahaba. Tu wazima.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikafurahi. Niliposoma tena furaha ikaniisha. Matonya aliporudi kutoka kwenye reli, kichwa kimefungwa kitambaa na masikio yanatoka damu, nilikuandikia. Hukujibu. Nilipokuandikia kwamba hawezi kushika kata ya uji bila kuimwaga, ulituma salamu za Pasaka. Leo unataka kujua anakaa na nani, tena kwa majina! Mtu aliyekumbuka nyumbani huuliza kama kaburi la mama limepaliliwa, huuliza ng'ombe gani amezaa. Majina ya watu anayataka mtu mwingine.

Hata hivyo tumetoka tumbo moja, na mgongo huu ulikubeba. Habari za mume wangu nitakupa. Za watu wengine sitakupa.

Unajua baruti iliwafukia wenzake kule walikopasua mwamba ili reli ipite. Yeye walimtoa chini ya mawe akiwa hai. Alirudi hapa, lakini mwili wake haukuamini kwamba umerudi. Jirani akitwanga, yeye huanguka chini na kufunika kichwa. Upepo ukigonga mlango, hutetemeka mpaka jua lizame. Nikawa nabeba uwele wangu kwenda kutwanga mbali, kwa watu, asinisikie.

Mvua zilipokatika akaanza kuchukua kibuyu na kwenda kuteka maji. Mwanamume mzima! Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka. Anatoka jua linachomoza, anarudi jua limepanda, na kibuyu kimoja tu mkononi. Nikajiambia, huko kuna mwanamke.

Nikamfuata, nikajificha nyuma ya miiba kama mwizi wa mbuzi. Nikamwona anachimba mchanga kwa mikono, polepole, mpaka akafika penye unyevu. Kisha akakaa. Unayajua maji ya pale; hayaji kwa kuitwa, yanajikusanya chini kidogo kidogo. Sisi wanawake tunakwangua, tunagombea zamu, tunatukanana, mwisho tunateka maji na tope lake. Yeye alikaa akiyatazama yanavyoingia. Akachota kata moja, akangoja tena. Mikono yake haikutetemeka.

Nikatoka mafichoni. "Unafanya nini hapa?"

"Nangoja maji."

"Na nini kingine?"

"Hakuna kingine."

"Asubuhi yote?"

Akaniambia, "Nikiharakisha yanachafuka. Nikiwaza mambo mengine nasikia baruti. Nikiyatazama haya tu, yanavyoingia, kichwa kinanyamaza."

Sikumwamini. Nilimfuata tena siku nyingine, na nyingine. Huyo mwanamke sijamwona mpaka leo.

Basi nimekueleza. Sasa nieleze nawe: ni nani anayekuuliza?

Yudith


Dodoma, 20 Juni 1912

Dada yangu,

Shikamoo. Umenichoma, lakini sina haki ya kulalamika. Kweli, kuna anayeuliza. Ni Akida Athuman, yule mtu wa Pwani ambaye Serikali imemweka juu ya vijiji vyenu. Ameleta habari bomani kwamba Zuzu kuna mtu anayekusanya watu penye maji.

Dada, neno hilo "maji" ukilitamka mbele ya Wadachi, kalamu zote zinasimama. Haijapita miaka mingi tangu vita vya kusini. Watu walipewa maji na waganga, wakaambiwa risasi haziwezi kuwadhuru, wakaenda mbele ya bunduki vifua wazi. Baadaye Serikali ilichoma mashamba hata waliobaki wakala mizizi. Bwana Shauri wetu, yule Mdachi mkuu wa boma, alikuwa huko. Mpaka leo hanywi maji ila yaliyochemshwa na mpishi mbele ya macho yake.

Kwa hiyo nakuomba unijibu, ndiyo au siyo. Matonya husema maneno juu ya maji? Huwapaka watu? Huwapa wanywe? Yuko mgeni yeyote aliyetoka Iringa au mbele ya Iringa? Na mwambie akae nyumbani. Kama ni kutazama maji, atazame ya mtungini.

Mimi simo katika jambo hili. Nauliza ili nami nikiulizwa nisikose la kusema.

Mdogo wako,
Bartolomayo


Kutoka kwa Akida, 1 Julai 1912

Kwa Karani Bartolomayo, Mwenyezi Mungu akuweke katika afya njema.

Majibu yako yamefika. Ni matamu, lakini hayashibishi. Unasema yule Matonya ni mgonjwa anayeteka maji. Wagonjwa ninaowajua mimi hulala ndani.

Nimemtuma mtu wangu huko, akajifanya anatafuta mbuzi waliopotea. Amekaa nao asubuhi nzima. Amerudi na habari moja tu: wanakaa kimya. Mmoja anachota, wengine wanangoja. Mzee mmoja anasokota kamba. Mwanamke anachagua kunde, moja moja, kama anayechagua lulu. Maneno yao ni "chukua" na "bado". Laiti wangekuwa wanaimba, ningejua wanaimba nini. Laiti wangekuwa wanamtukana Kaisari, ningekuwa na la kuandika. Watu wazima hawakusanyiki kukaa kimya bila sababu, na sababu isiyosemwa ndiyo inayoninyima usingizi.

Nataka majina, nawe njia ya kuyapata unayo. Bwana Shauri hajui kwamba huyo mtu amemwoa dada yako. Mimi najua. Sijamwambia, kwa kuwa wewe ni kijana mwenye mwandiko mzuri na maisha bado yako mbele. Naamini hutanipa sababu ya kumwambia.

Akutakiaye mema,
Akida Athuman bin Hassani


Zuzu, 9 Julai 1912

Bartolomayo,

Marahaba. Majibu yako haya. Hasemi maneno. Hampaki mtu. Mgeni wa Iringa hayuko. Maji humpa mwenye kiu, kama ulivyofundishwa nawe kabla hujajifunza kuandika.

Sasa nisikilize. Alikuja mtu hapa akasema anatafuta mbuzi wake. Tukamwuliza, mbuzi wenyewe wana rangi gani? Akafikiri kwanza! Kisha akakaa nasi, akatutazama nyuso mmoja baada ya mwingine. Tangu siku hiyo korongoni pameharibika. Watu wanakuja, lakini wanatazamana wao badala ya kutazama maji. Mtu akikohoa, wengine wanageuka.

Mwanamke mmoja, jina simtaji, ametuacha. Amekwenda kuchimba kisima chake mbali, kwenye kona ya korongo. Amesema mbele ya watu wote, "Yudith anaandikiana na boma. Sisi hatujui kusoma. Tutajuaje anaandika nini?" Hata mimi sijui ninayokuandikia yanafika kwa nani.

Ndiyo, mimi nami ninakaa pale. Jina hilo moja nakupa, lipeleke popote unapopeleka. Tangu Ruthu wangu afe, mwaka ule wa njaa, nimefanya kazi kama mtu anayekimbia moto. Nikifagia nawaza kupika, nikipika nawaza kulima, nikilima nawaza kesho, ili mtoto asipate nafasi ya kunijia. Siku moja nilikaa kando ya Matonya na ungo wangu wa kunde. Sikuwa na haraka, kwa kuwa yeye hakuwa na haraka. Nikaokota moja, nikaitazama, nikaokota nyingine. Kila kunde ina jicho dogo jeusi, na hayafanani. Miaka yote nimezipika, sikuwahi kuziona. Ruthu akanijia. Safari hii sikumkimbia. Alikaa nami kiasi alichotaka, halafu akaniacha bila ya kunivunja. Nililia kidogo, nikamaliza ungo wangu, nikaenda kupika. Usiku ule nililala.

Hiyo ndiyo siri yote ya korongo. Mwandikie Akida, kwa wino mzuri.

Na sasa nakuuliza, usizunguke: ni wewe unayetuuza?

Yudith


Dodoma, 17 Julai 1912

Dada,

Majina sikutoa, kwa sababu hukunipa. Ungenipa, sijui ningefanya nini. Hilo ndilo jibu la kweli nililo nalo, nalo linanitia aibu.

Jumatatu ijayo Akida anakuja huko pamoja na askari, na Bwana Shauri mwenyewe. Wamesema wataleta pingu. Mchukue shemeji mwondoke kabla ya siku hiyo, mwende misheni ya Buigiri kwa mwalimu Gideoni, mwambie mimi nimewatuma. Msipite Dodoma. Piteni porini.

Barua hii ichome.

Bartolomayo


Zuzu, 24 Julai 1912

Bartolomayo,

Wamemchukua.

Barua yako ilifika siku ya Jumamosi. Niliisoma, nikaishika mkononi muda mrefu. Nikawaza, mtu asiyejua angefanya nini na majina yetu, leo anatuambia tukimbie. Tukikutwa porini, nani atasema hatukuwa na hatia? Kwamba aliyeandika ni ndugu yangu hakukunipunguzia shaka, Bartolomayo. Kuliniongezea.

Nikamweleza Matonya. Akasema, "Mimi nimekwisha kukimbia. Nilikimbia mwaka mzima nikiwa nimelala juu ya ngozi hii hii. Sikimbii tena." Asubuhi ya Jumatatu akachukua kibuyu chake. Mimi nikachukua ungo, nikamfuata.

Walikuja kutoka pande mbili za korongo, kama watu wanaowinda. Bwana alikuwa juu ya nyumbu, Akida kwa miguu kando yake. Hatukusimama, kwa kuwa hakuna aliyejua ni lipi baya zaidi, kusimama au kukaa. Mbwa wa mzee Silvano akawabwekea. Askari mmoja akampiga risasi.

Matonya akaanguka. Akajikunja, mikono kichwani, akilia kwa sauti ile ambayo sikuwa nimeisikia tangu mvua zilipokatika. Hatukuweza kusogea, bunduki zilikuwa zinatutazama. Ndipo Mama Zipora, yule aliyetuacha, akatoka kwenye kona yake. Yeye aliyeniita mtu wa boma! Akapita katikati ya askari kama anayepita katikati ya ng'ombe, akapiga magoti, akamshika Matonya mkono, akauzamisha katika mchanga wenye maji. Akamwambia, "Sikia. Baridi. Sikia tu hii." Mzee Silvano akaja, akaweka mkono wake kando ya mkono ule. Nikaweka nami wangu. Wengine wote wakaja. Hatukusema neno. Matonya akaanza kupumua.

Akida akapiga kelele, "Bwana, umeona? Kiapo hicho! Wanakula kiapo mbele ya macho yako!"

Wakamfunga pingu. Bwana akashuka, akakikanyagakanyaga kisima kwa viatu vyake mpaka pakawa tope, akatangaza kwamba atakayekaa pale tena atatiwa mnyororoni. Alipokuwa anapanda nyumbu nilimwona amekauka midomo. Hapakuwa na maji ya kumpa.

Wewe uko bomani. Mume wangu yuko bomani. Sikuombi kitu. Nakuarifu tu kwamba najua mko chini ya paa moja.

Yudith


Zuzu, 2 Agosti 1912

Bartolomayo,

Msafiri amepita. Anasema mjini wanasimulia kwamba karani Bartolomayo alimpigia Matonya chuma nyuma ya kichwa, mbele ya Bwana, na kwamba watu walicheka. Nimemwambia anasema uongo. Ameapa.

Kweli au uongo?

Yudith


Dodoma, 6 Agosti 1912

Dada,

Ni kweli. Soma mpaka mwisho, halafu unihukumu.

Bwana Shauri anajua Kiswahili, lakini Matonya alisema Kigogo tu, kwa hiyo niliitwa kutafsiri. Akida alikaa kwenye kiti kando ya meza, akinitazama. Matonya aliniona, hakuonyesha kwamba ananijua. Nadhani alifanya hivyo kwa ajili yangu.

Bwana akauliza, "Unawafundisha nini watu hawa?"

Matonya akajibu, "Kungoja."

Nililiona neno hilo likielekea kwenye kitanzi. Nikasema, "Anasema anawafundisha kuteka maji, Bwana."

Akida, ambaye Kigogo chake ni cha kununulia kuku, akaruka. "Karani anapunguza! Amesema kungoja!"

Bwana akageuka, akanitazama. Kisha akauliza polepole, "Kungoja nani?"

Nikatafsiri. Matonya akasema, "Maji."

Dada, ungeona uso wa yule mtu. Alisimama. Akauliza kuhusu mikono mchangani, walikuwa wanaapa nini. Matonya akafikiri, akajibu kwa ukweli wake wote, "Mchanga una baridi." Nikalitafsiri hivyo hivyo lilivyo, maana sasa kila neno langu lilikuwa linapimwa. Akida akasema hilo ni neno la siri, wanatambuana kwalo kutoka kijiji hadi kijiji. Bwana akavuta karatasi ya kumpeleka Dar es Salaam. Waliopelekwa huko kwa kesi za maji hawakurudi.

Nikaweka kalamu chini. Nikasema, "Bwana, niruhusu niseme langu." Nikamweleza habari ya baruti, na jinsi kelele yoyote inavyomwangusha, na kwamba kutazama maji ni dawa yake mwenyewe, haina neno wala mzimu.

"Wewe unajuaje haya yote?"

"Ni mume wa dada yangu."

Akida alitazama chini, kwa kuwa nilikuwa nimempokonya fimbo yake. Bwana akasema, "Kumbe karani wangu ana shemeji mwenye kesi, na mimi sijui." Kisha akasema, "Waganga wa kusini hawakuogopa hata mizinga. Unasema huyu anaogopa kelele. Nionyeshe."

Pale ofisini pana sanduku la chuma lenye kifuniko kizito. Nilikwenda nyuma ya Matonya, nikakiinua. Nikasema kwa Kigogo, "Shemeji, nisamehe." Bwana akauliza nimesema nini. Nikajibu, nimemwambia asigeuke. Nikakiangusha.

Alianguka kama mtu aliyekatwa miguu. Alijikojolea. Alijivuta mpaka chini ya meza akabaki huko akiita majina ya wale wenzake waliofukiwa. Waliocheka ni askari. Mimi sikucheka. Nilitoka nje nikamtafutia kitambaa cha kujifutia.

Niliporudi Bwana alikuwa bado amesimama. Akasema, "Huyu si mganga," akaichana karatasi yake. Amempa mnyororo mpaka mvua za kwanza, kwa kosa la kukusanya watu bila ruhusa. Mimi nimeambiwa nirudishe funguo na niondoke katika nyumba ya Serikali.

Ningeweza kusema mapema kwamba ni shemeji yangu. Ningesema mwezi Juni, asingefungwa. Hilo sina njia ya kulizunguka.

Bartolomayo


Kikuyu, 3 Novemba 1912

Dada yangu Yudith,

Shikamoo. Barua zangu mbili hukuzijibu. Naandika ya tatu.

Nakaa hapa Kikuyu, nje kidogo ya mji wa Dodoma, kwenye tembe ya mtu, nabeba mizigo stesheni. Wanaonijua wananipita kama hawanijui. Wa boma wananiona msaliti wa boma, wa vijijini wananiona mtu wa boma. Wiki za kwanza nilikuwa nikisikia hatua nyuma yangu siku nzima, na nikigeuka hakuna mtu.

Karibu kila asubuhi mnyororo wa wafungwa ulipita njia yetu kwenda kufagia uwanja wa stesheni. Nilijificha nyuma ya mabehewa nimwangalie shemeji. Mwanzoni alikuwa anatetemeka kila gari la moshi linapopiga filimbi, na wenzake waliofungwa naye walimlaani kwa sababu aliwavuta shingo. Kisha nikamwona ameanza. Anatazama ufagio. Anautua, anauvuta, anautazama mstari uliobaki kwenye vumbi, anautua tena. Waliofungwa naye walilazimika kumfuata, maana mnyororo ni mmoja. Baada ya muda ilikuwa wote wanafagia kwa mwendo wake. Askari alizunguka akitafuta kosa la kuwapiga, hakulipata. Hawakuwa wavivu, hawakuwa wakaidi. Siku moja filimbi ikapigwa, Matonya akayumba tu, na aliyefungwa mbele yake, jitu lenye makovu, akarudisha mkono nyuma akamshika bega, akaendelea kufagia.

Siku ile nilirudi nyumbani nikavua shati langu, ndilo pekee nililo nalo, nikalifua. Zamani nilikuwa na mtu wa kunifulia. Nililifua kola, kisha mkono mmoja, kisha mwingine, kama nilivyomwona yeye na ufagio wake. Nilipolianika ndipo nikatambua kwamba kwa muda wote ule sikuwa nimejiuliza nani ananisema wapi. Ni mara ya kwanza tangu nilipoingia bomani. Siwezi kukueleza jinsi kimya kile kilivyokuwa. Nadhani huna haja ya kuelezwa.

Mvua imepiga jana. Wamesema watamfungua Ijumaa. Nimekwisha kuzungumza naye kupitia ua; nilimwomba msamaha, akaniambia kwanza nimletee tumbaku. Sijui kama hilo ni jibu.

Nitamleta nyumbani mimi mwenyewe, kwa miguu, mbali na reli. Naomba ruhusa yako niingie ndani. Ukisema nimwache mlangoni nigeuke, nitageuka.

Mdogo wako,
Bartolomayo


Zuzu, 6 Novemba 1912

Bartolomayo,

Marahaba.

Barua zako nilizisoma zote. Sikujibu kwa kuwa kila nilipoanza, niliona naandika kwa hasira, na hasira ina haraka.

Huku watu hawakai tena korongoni. Mtu wa Akida bado hupita. Kila mmoja anakaa mlangoni pake, na Mama Zipora huja kwangu na ungo wake. Hakuna askari anayeweza kukataza mwanamke kuchagua kunde kwake. Nilimsomea barua yako ya chuma. Alisikiliza yote, kisha akauliza, "Na kama hiyo nayo ameandikishwa?" Nami nimejiuliza hivyo hivyo. Watu watakutazama ukifika, na watoto wataitwa ndani. Huenda ikawa hivyo kwa muda mrefu. Usitegemee kwamba mimi nitakuwa tofauti nao.

Mume wangu mlete taratibu, asichoke. Msipite karibu na machimbo ya mawe.

Nawe ingia ndani. Usije na maelezo, nimeshayasoma. Njoo na njaa. Nitapika ugali na mlenda, utanawa, utakaa chini, utakula, na mimi nitakutazama unavyokula.

Dada yako,
Yudith